Asili ya Neno Si Hati ya Kiwanja

Kuna ugonjwa umeingia katika mijadala yetu ya uandishi, ugonjwa wa kudai kila neno lionyeshe cheti cha kuzaliwa. Kijana akileta hadithi yake, kabla haijaulizwa kama inasomeka, kabla haijaulizwa kama watu waliomo ndani yake wanapumua, anatokea bwana mmoja na miwani yake anauliza: "Hili neno asili yake nini?" Likionekana limetoka Ulaya, nje! Likionekana limetoka Uarabuni, ubishi wa wiki nzima. Na likionekana limetoka Manzese, ndiyo kabisa, halipewi hata nafasi ya kujitetea.

Ndugu wasomaji, mimi nasema tuwajibu mabwana hawa kwa silaha yao wenyewe. Wanataka asili? Haya, twende huko kwenye asili. Tena tusiishie njiani, kwa Mwarabu au kwa Mreno, kama wanavyopenda kuishia wao. Twende mpaka mwisho wa barabara, enzi ambazo hata kuandika kulikuwa hakujafika huko tuendako. Tuchukue mzizi mmoja tu, tuufuate ulikopita, halafu tuone nani atathubutu kusimama na kusema: neno hili ni langu, wewe ondoka.

NENO LENYE NYOTA

Mwaka 1786, mjini Calcutta, jaji Mwingereza aitwaye William Jones aliwahutubia wenzake akasema jambo ambalo halijaacha kuzungumzwa hadi leo. Alisema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vimefanana mno, katika mizizi ya vitenzi na katika sarufi, kiasi kwamba haiwezi kuwa bahati tu. Lazima vimetoka chemchemi moja, ambayo huenda haipo tena. Tusisahau jaji huyu alikuwa Bengal kuitumikia mahakama ya watawala wa kigeni, na sababu moja ya kujifunza Kisanskriti ilikuwa kuzielewa sheria za Wahindu aliokuwa akiwahukumu. Kwa hiyo elimu yenyewe ya asili ya maneno iliingia mjini ikiwa imepanda gari la ukoloni. Hilo gari tutakutana nalo tena.

Waliomfuata waliipa lugha hiyo iliyopotea jina la Kihindi-Kiulaya cha mwanzo. Ilisemwa zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Wataalamu wengi huwaweka wasemaji wake kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambako leo ni Ukraine na kusini mwa Urusi, ingawa wapo wanaokitafuta chanzo cha mbali zaidi huko kusini, upande wa Kaukazi na Anatolia. Watu hao hawakutuachia hata herufi moja. Ndiyo maana neno lao likichapwa vitabuni hutanguliwa na alama ya nyota. Nyota hiyo inasema: jamani, hili hatujalikuta limeandikwa popote, tumelijenga upya kwa kuwalinganisha watoto wake.

Wanajengaje? Si uchawi. Wewe mwenyewe unaweza kuonja kazi hiyo bila kutoka pwani yetu. Kiunguja kinasema nchi, Kimvita kinasema nti. Kiunguja macho, Kimvita mato. Mchanga, mtanga. Chini, tini. Umeona? Kufanana peke yake si hoja. Hoja ni kwamba tofauti yenyewe ina utaratibu. Penye "ch" kwa Mwunguja, mara nyingi utaikuta "t" kwa Mmvita. Ndivyo Jacob Grimm alivyoonyesha mwaka 1822, naye Rasmus Rask alikuwa amekwisha kumtangulia mwaka 1818, kwamba penye "k" ya Kilatini, Kiingereza kinatoa "h". Pembe ni cornu kwa Mlatini, horn kwa Mwingereza. Moyo ni cor, kule heart. Mia ni centum, ambayo Warumi waliitamka kwa "k", kule hundred. Utaratibu, bwana, si kubahatisha.

Sasa mzizi wetu. Wataalamu huuandika, pamoja na nyota yake, kitu kama kwel, na maana yake ni kugeuka, kuzunguka. Najua tayari kuna mtu kijiweni ameruka: "Si ndiyo kweli yetu hiyo!" Kaa chini ndugu yangu. Kweli na kwel vimefanana kwa bahati tu, kama watu wawili wanaofanana sura pale Kariakoo ambao hata makabila yao ni mbalimbali. Undugu wa maneno hauthibitishwi kwa sura, unathibitishwa kwa ule utaratibu niliousema.

WAJUKUU WALIVYOTAWANYIKA

Gurudumu lilipokuja duniani lilikuja kwa kishindo. Huko Bronocice, Poland, kimechimbuliwa chungu cha miaka ya karibu 3500 kabla ya Kristo, na ubavuni mwake kuna mchoro unaoonekana kuwa wa gari la magurudumu manne. Katika kinamasi karibu na Ljubljana, Slovenia, limepatikana gurudumu la mbao pamoja na mhimili wake, lenye umri wa zaidi ya miaka elfu tano. Wale watu wa kwel nao walihitaji kukipa jina kitu hiki kipya. Walifanya nini? Waliurudufu mzizi wao: kwekwlo, yaani kizungukazunguka. Ni akili ileile iliyotupa sisi pikipiki na daladala. Kitu kipya kimeingia mtaani, watu wa mtaani wamekipa jina la kurudiarudia, na hakuna kamati iliyokaa.

Jina hilo likasafiri. Kwa Wagiriki likawa kuklos. Kwa Wahindi wa kale likawa chakra, na kwa Waajemi likaishia charkh. Kwa Warusi, kutoka mzizi uleule ila bila kurudufiwa, ni koleso. Kwa Waingereza "k" ikalegea ikawa "h" kama Grimm alivyotuambia, likawa hweol, leo wheel. Hata kwenye jangwa la magharibi ya China, ambako zamani kulikuwa na watu waliosema Kitokari, hati zao zimeonyesha neno kokale, nalo ni gari la kukokotwa.

Mzizi huohuo, bila kurudufiwa, ukachukua njia nyingine kwa Walatini. Kuzunguka mahali, kurudirudi pale, ukageuka kuwa kukaa pale, na kukaa kukageuka kuwa kulima pale. Hicho ndicho kitenzi chao colere. Anayelima wakamwita colonus. Mahali walipopelekwa raia wa Roma, mara nyingi askari waliostaafu, kukaa na kulima ardhi ya watu wengine, wakapaita colonia. Nadhani umeshaanza kunusa tunakoelekea. Tena shingo, kile kiungo kinachogeuza kichwa, wakaiita collum, na humo ndimo ilimotoka collar ya Waingereza.

Basi angalieni sentensi hii: fundi amekaa barazani na cherehani yake, anashona kola ya shati la mzee aliyekuja kwa baiskeli, na mzee anamsimulia mambo ya mkoloni. Mwambie nyanya yako kwamba sentensi hiyo si Kiswahili, uone atakavyokutazama. Lakini hesabuni. Cherehani imetokana na charkh ya Waajemi. Kola imetoka kwenye shingo ya Walatini. Baiskeli imetoka kwenye kuklos ya Wagiriki. Mkoloni ametoka kwa colonus. Maneno manne, mzizi mmoja, na njia walizopita kufika kwetu ni tofauti: moja ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, nyingine zikaja na Mzungu. Ndugu wanne wa tumbo moja, waliopotezana kwa miaka elfu tano, wamekutana kwenye baraza ya fundi wa Kiswahili, wala hakuna aliyewatambulisha!

NANI MWENYE NYUMBA?

Sasa naomba bwana wa miwani aniambie: wenye maneno hayo ni nani? Mwingereza? Lakini Mwingereza naye neno colony alilipokea kutoka kwa Walatini. Tena walimpelekea dhana yenyewe kwa upanga: mji wa Lincoln jina lake limebeba colonia hiyohiyo, kwa sababu Warumi waliwahi kukaa pale kama wakoloni. Mji wa Köln huko Ujerumani, uliofanywa colonia mwaka 50 baada ya Kristo, ndiyo kwanza umebaki na jina la ukoloni mtupu. Zaidi ya nusu ya msamiati wa Kiingereza umetoka Kifaransa na Kilatini. Kama kuazima ni aibu, basi Waingereza wangekuwa wa kwanza kujifunika shuka. Hawajajifunika. Wameandika vitabu.

Na baiskeli je? Mbele pana bi, ambayo ni mbili ya Kilatini. Nyuma pana kuklos, ambayo ni ya Kigiriki. Neno hilo lilitungwa Ulaya katika karne ya 19 kwa kuchanganya lugha mbili ndani ya neno moja. Kijana wa Nairobi akichanganya lugha mbili ndani ya neno moja tunasema anaharibu lugha, eti sheng. Wazungu walipochanganya, tukaambiwa ni istilahi ya kiufundi. Alaa!

Mimi jibu langu ni hili: mwenye neno ni anayelifanyisha kazi. Mtazameni mkoloni alivyofanywa na Kiswahili. Alikuja akiwa jina la heshima, jina la mlima shamba wa Kirumi. Tukamvika "m" tukamfanya mtu, tena mtu tunayemfahamu vizuri. Tukamvika "wa" tukawaona wako wengi. Tukamvika "ki", tukapata sheria za kikoloni na elimu ya kikoloni. Tukamvika "u", ngeli ileile ya uovu, uonevu na uchoyo, hapo ndipo tukampata hasa. Halafu tukaongeza mamboleo mbele yake, na dunia ikaelezwa kwa maneno mawili jambo linalowachukua wachumi kurasa mia. Hicho si kuazima tena. Huko ni kumnyang'anya mtu fimbo na kumwonyesha nayo mlango.

Wahindi nao walifanya la kwao. Gandhi alipowataka watu wake waache nguo za viwanda vya Uingereza, aliwapa charkha, gurudumu la kusokotea uzi, jina ambalo ni charkh ya Waajemi iliyohamia India. Tarehe 22 Julai 1947 bendera ya India ikapitishwa, na katikati yake kuna chakra ya Ashoka yenye mataruma 24. Charkha na chakra dhidi ya koloni: mzizi mmoja ulisimama pande zote mbili za vita. Sasa nani ataniambia kwamba asili ya neno ndiyo inayoamua neno hilo liko upande wa nani?

Na sisi pia tuna la kuchekesha hapa. Wengi hulieleza neno mzungu kwa kitenzi chetu kuzunguka: yule mtu asiyetulia mahali. Yaani wahenga wetu, bila kusoma kwa Grimm wala Jones, walimtazama mgeni wakampa jina kutokana na wazo lilelile ambalo Walatini walilitumia kumpata mkoloni!

ASILI IKIGEUZWA DAMU

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwamba kutafuta asili ya neno ni mchezo usio na madhara. Someni historia. Watu wa kale wa India na Uajemi walijiita Arya. Katika karne ya 19 wasomi wa Ulaya walilichukua jina hilo wakaliita jina la familia nzima ya lugha, na haikuchukua muda wengine wakaligeuza kuwa jina la damu. Max Müller, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mambo haya, aliandika mwaka 1888 kuonya kwamba kuzungumzia damu ya Kiarya ni upuuzi sawa na kuzungumzia kamusi yenye kichwa kirefu. Hawakumsikia. Wanazi wakaifanya Arya kuwa cheti cha kuishi, na asiye nacho akauawa. Wakaua Wayahudi milioni sita. Wakaua pia Waroma, wale wanaoitwa Jipsi, ambao lugha yao imetoka India na ni mtoto halisi wa ukoo wa Kisanskriti. Waliuawa kwa jina la Arya watu ambao lugha yao iko karibu zaidi na Arya kuliko Kijerumani!

Sisemi kila mwenye kalamu nyekundu ni Nazi, Mungu apishe mbali. Nasema swali la "umetoka wapi?" likishawekwa mbele ya swali la "unafanya nini hapa?", huwa haliishii kwenye maneno. Leo linaulizwa neno, kesho ataulizwa jirani.

KONDOO WA SCHLEICHER

Mimi nina muswada wa riwaya. Mhariri mmoja, jina lake halina umuhimu, alinirudishia kurasa zake zikiwa zimejaa duara nyekundu. Konda alizungushiwa wino, pembeni kukaandikwa: "Si Kiswahili, asili ya kigeni." Kwenye ukurasa huohuo kulikuwa na baiskeli, kulikuwa na kola, na mkoloni alitajwa mara mbili. Hao hawakuguswa. Tofauti yao na konda ni nini? Umri tu. Konda akikaa miaka mia atapewa kiti. Ila mimi siandiki kwa ajili ya watu wa miaka mia ijayo, naandika kwa ajili ya abiria anayedai chenji yake leo, na huyo hana mtu mwingine wa kumdai isipokuwa konda.

Nataka niwape waandishi wenzangu kisa cha kuwatia moyo. Mwaka 1868 mtaalamu wa Kijerumani, August Schleicher, alifanya jambo la ajabu. Alikaa akatunga hadithi fupi, ya kondoo asiye na manyoya na farasi wanaofanyishwa kazi, akaitunga katika ile lugha ya nyota! Lugha isiyo na msemaji hata mmoja duniani, isiyo na msomaji. Hakuna aliyemzungushia wino mwekundu. Badala yake, wenzake wameiandika upya hadithi hiyo tena na tena. Mwaka 1939 ikatoka sura ya Hermann Hirt, mwaka 1979 ikatoka ya Lehmann na Zgusta, na nyingine zimefuata, kila moja ikiwa na sauti tofauti na iliyotangulia, kwa kuwa elimu ilikuwa imesogea.

Tuchote mawili hapo. La kwanza: asili yenyewe wanayotutishia nayo ni rasimu, inafutwa na kuandikwa upya. La pili: kama msomi aliweza kutunga hadithi kwa lugha isiyo na msomaji hata mmoja, mimi na wewe tunaogopa nini kuandika lugha inayosemwa na watu kila asubuhi kuanzia kituo cha kwanza cha basi mpaka cha mwisho?

TUSIOKOTE TAKATAKA

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito wake. Wanasema tukifungua mlango kila kitu kitaingia, na Kiingereza kitatumeza. Ni kweli wapo wenzetu wanaochomeka Kiingereza si kwa haja bali kwa kuringa, waonekane wamesoma. Huo mimi sitautetea. Mtu akiandika neno la kigeni wakati jirani yake ana neno zuri la Kiswahili kwa jambo lilelile, huyo ni mvivu, mwacheni azungushiwe wino.

Lakini kipimo kiwe kazi, kisiwe cheti. Uliza: neno hili limekubali viambishi vyetu? Linaweza kuvaa "m" na "wa" na "ki" kama alivyovaa mkoloni? Mama ntilie analielewa bila kutafsiriwa? Linabeba jambo ambalo neno la zamani halibebi? Likijibu ndiyo, limekwisha kuwa Kiswahili, hata kama jana lilikuwa kwenye meli. Na tukumbuke uzio wenyewe wa "sanifu" uliwekwa lini: ni mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, chini ya utawala wa Waingereza, uliokichagua Kiunguja kiwe msingi, Kimvita na nti zake na mato yake kikabaki nje ya uzio. Usanifu umetufaa kwa mengi, sikatai, bila huo huenda gazeti hili lisingesomeka Kigoma na Lamu. Ila uliwekwa na watu, katika mwaka unaojulikana, kwa sababu zinazojulikana. Haukushuka na mvua.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaoficha miswada chini ya godoro mkiogopa duara nyekundu, itoeni. Jueni Kiswahili, kijueni sana, msome washairi wa pwani, msome kamusi ukurasa kwa ukurasa, maana anayebishana na walinzi wa lugha bila kuijua lugha ni mpiga kelele tu. Mkishajua, andikeni maneno yanayofanya kazi mnakoishi. Mtu akiwauliza asili ya neno, mpeni kiti akae, maana safari ni ndefu: mwanzieni kwa konda mmfikishe Roma, mwanzieni kwa fundi cherehani mmfikishe Uajemi, na kutoka huko mumpeleke hadi kwenye ile nyika ya Bahari Nyeusi. Akifika atakuta nyasi, na nyota moja mbele ya neno lisilo na mwenyewe. Hati ya kiwanja hataikuta.